Mashine ile ile, ajali ile ile, ripoti inasema "uzembe". Wakuu, uchunguzi wa ajali kazini unafanywaje?

#1 Mkamuaji wa Kizota
Wakuu habari za muda huu.

Nafanya kazi kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma mjini, jina naliacha. Msimu huu kijana wetu mmoja amepoteza vidole viwili. Mbegu zilikwama kwenye mdomo wa mashine, akazisukuma kwa mkono, skrubu kubwa ya ndani inayokamua mbegu ikamvuta. Ofisi ikaunda kamati, kamati ikakaa asubuhi moja, ikatoka na ukurasa mmoja. Chanzo: uzembe wa mfanyakazi kutia mkono kwenye mashine inayozunguka. Hatua: wafanyakazi wakumbushwe kuwa makini. Tukakumbushwa, na karatasi ikabandikwa ukutani karibu na mizani.

Msimu haujaisha, mwingine kaumia. Mashine hiyo hiyo, mdomo huo huo. Huyu wa pili ndiye aliyesimama kwenye kikao akisoma ile karatasi kwa sauti ili wenzake wasioona vizuri wasikie. Sasa na yeye ni mzembe?

Mimi nasema ripoti inayoishia kwenye jina la mtu haijachunguza kitu. Wenye uzoefu wa viwandani, saiti, migodini, njooni mtuambie huko kwenu wanachunguza vipi hadi ajali isirudi.

#2 Ngoja Waje
Nimekaa siti ya mbele. Poleni sana. Vijana wanaendeleaje?

#3 Fundi Nondo
Mleta mada pole, lakini tuseme ukweli. Nimesimamia saiti Mtumba, nimesimamia Ihumwa. Vijana wetu ni wazembe. Unampa kofia ngumu anaikalia wakati wa chai. Unampa mkanda wa kujifunga juu, anafungia suruali. Mashine inazunguka unaiona kwa macho yako, unatia mkono wa nini? Ukiondoa hilo neno uzembe kwenye ripoti unamdanganya nani?

#4 Dada wa Usalama
Mkamuaji, kabla sijasema kitu naomba unijibu haya:
Swichi ya kuzimia iko wapi ukipima kutoka pale anaposimama mtu wa kulisha mbegu? Mashine ikizimwa ikiwa imejaa, inawaka tena kirahisi? Mbegu zinakwama mara ngapi kwa zamu? Na kabla ya hawa wawili, wengine walikuwa wanazisukuma kwa kutumia kitu gani?

#5 Mkamuaji wa Kizota
Dada umegusa penyewe.

Swichi iko kwenye bodi kuu ukutani, nyuma ya rundo la magunia ya mashudu. Kuifikia lazima uzunguke. Na ukiizima ikiwa imejaa, imekula kwako. Mbegu zinagandamana ndani ya pipa, mota inavuma tu haizunguki, lazima mfungue ile ngome ya vyuma na kuchokonoa keki iliyokauka kwa tindo. Kazi inasimama nusu zamu. Kwa hiyo hakuna anayeizima. Mbegu zikikwama, na siku mbegu zikiwa mbichi zinakwama kila mara, unasukuma. Zamani tulikuwa na mti wa kusukumia. Ulivutwa ukakatika, vipande vikaingia ndani, bosi akaupiga marufuku kwa sababu uliharibu skrubu. Tangu hapo ni mkono.

#6 Dada wa Usalama
Asante. Ona ulivyoandika mistari michache na umeshaipita ile kamati yenu.

Kwa nini mkono uliingia? Mbegu zilikwama. Kwa nini zilikwama? Mbichi na chafu. Kwa nini mbichi zinapokelewa? Hapo mtu wa mizani atujibu. Kwa nini hakuzima? Swichi iko mbali, na kuzima kunaadhibiwa na mashine yenyewe. Kwa nini mkono badala ya mti? Mti ulikatazwa kwa ajili ya kuokoa skrubu, hakuna kilicholetwa badala yake. Kwa nini mdomo uko wazi kiasi cha kupitisha mkono? Hilo ndilo swali langu kubwa.

Huu utaratibu wa kuuliza "kwa nini" hadi ufike chini unatajwa sana kwa Toyota ya Japani. Taiichi Ohno, injinia wao, alikuwa na mfano wake: mashine imesimama kwa sababu fyuzi imekatika, fyuzi imekatika kwa sababu beringi haikupata mafuta, pampu haikuvuta vizuri, shafti ya pampu imelika, na imelika kwa sababu hapakuwa na chujio, mabaki ya chuma yakaingia. Anayebadilisha fyuzi tu atabadilisha tena wiki ijayo. Kamati yenu ilibadilisha fyuzi.

#7 Injinia Mtumba
Naheshimu maelezo ya dada ila namba zinamuunga mkono Fundi Nondo. Heinrich, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1931 kwamba asilimia 88 ya ajali kazini zinatokana na matendo ya watu yasiyo salama, asilimia 10 mazingira, 2 haziepukiki. Hiyo tumefundishwa darasani.

#8 Jicho la Pili
Injinia, hiyo 88 waliokufundisha walikuambia ilitoka wapi? Heinrich alikuwa mtu wa kampuni ya bima. Alipitia majalada ya madai na kumbukumbu za wenye viwanda. Majalada hayo yaliandikwa na nani? Na wasimamizi. Msimamizi akiandika chanzo ataandika "mimi nilichelewa kuagiza kava" au ataandika "kibarua hakuwa makini"? Ukichukua ripoti kama ile ya Kizota maelfu kwa maelfu ukazijumlisha, utapata hiyo hiyo 88. Jumla inakueleza tabia ya waandishi wa ripoti kuliko ajali zenyewe.

Alichosema kizuri ni kile kingine: kwa jeraha moja kubwa kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyoumiza mtu. Hesabu yenyewe usiishike kama aya, inatofautiana kazi kwa kazi. Lakini wazo lina kazi. Pale Kizota mikono ilishaponea chupuchupu mara ngapi kabla ya kidole cha kwanza?

#9 Injinia Mtumba
Hoja imepokelewa kuhusu chanzo cha takwimu. Ila bado tabia ya mtu ina nafasi yake, msiifute kabisa.

#10 Mnyaturu
Wakuu mimi ni mwenye mashine, niko Singida. Wenye mashine humu tunasemwa tu, ngoja niseme upande wangu.

Mbegu mbichi hatuzipendi. Lakini msimu ukifunguka kila mtu anagombania mzigo. Mkulima anakuja na gunia lina unyevu, ukimwambia akaanike anavuka barabara anauza kwa jirani. Na mzani unapenda unyevu, mbegu yenye maji ina uzito, dalali anajua hilo. Kwa hiyo ajali ya huyo kijana, ukiifuata kwa hizo "kwa nini" za dada, inatoka nje ya kiwanda inafika shambani na sokoni. Mtamlaumu nani? Mimi nisipopokea nafunga.

Umeme nao. Ukikatika mashine zikiwa zimejaa, zote zinaganda. Ukirudi kila mtu ana haraka ya kufidia muda. Kwangu vurugu kubwa zote zimetokea ndani ya saa ya kwanza baada ya umeme kurudi. Hilo hakuna kamati iliyowahi kuliandika, mimi ndiye nimeliona kwa kukaa pale.

#11 Kibaigwa Stendi
Mnyaturu umesema vizuri ila umeruka malipo. Mimi nilibeba magunia sokoni Kibaigwa kabla sijapata kazi ya kudumu. Kibarua analipwa kwa gunia au kwa ndoo. Mashine ikisimama nusu zamu, nani analipia hiyo nusu? Ni yeye. Halafu mnasema "kwa nini hakuzima". Angezima, watoto wangelala na nini? Muandike hiyo kwenye ripoti: chanzo ni namna ya kulipa.

#12 Fundi Nondo
Kibaigwa sasa tukubaliane kila ajali chanzo ni umaskini, tufunge uzi tukalale.

#13 Kibaigwa Stendi
Fundi wewe ulipandishwa cheo juzi tu, umeshasahau zege la ndoo?

#14 Fundi Nondo
Haha, zege la ndoo halisahauliki ndugu yangu. Ndiyo maana nasema, tulibeba na hatukuanguka.

#15 Jicho la Pili
Walioanguka hawako humu kuandika, Fundi.

#16 Mwana wa Chamwino
Mbukwenyi wandugu. Niseme jambo ambalo wasomi humu watalikataa. Ajali ikirudia mahali pamoja, kwetu wazee wanauliza kwanza eneo lile lilikuwa nini zamani. Kuna viwanja vimepimwa haraka haraka tangu mji ukue, watu wamejenga penye makaburi bila kusema neno. Sisemi ndicho chanzo cha Kizota. Nasema baadhi ya wafanyakazi wanaamini hivyo, na mtu mwenye hofu hafanyi kazi kwa utulivu. Uchunguzi usiowauliza watu wanaamini nini haujawasikia.

#17 Dada wa Usalama
Mbukwa ndugu. Sikukatalii kuwasikiliza watu. Niliwahi kuwa kwenye uchunguzi ambao vibarua walisema kona moja ya karakana ina mkosi, wote wanaoumia wanaumia pale. Tukaenda na kusimama pale muda ule ule wa jioni. Jua la kuzama lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja usoni mwa anayeshika msumeno. Ule "mkosi" ulitupa mahali na saa, sisi tukatafuta kilichobaki. Wakitaka kufanya dua wafanye, na kava la mashine lifungwe siku hiyo hiyo.

#18 Mwana wa Chamwino
Hapo tumeelewana nusu. Si kila kona ina dirisha.

#19 Mzee wa Reli
Vijana, nimestaafu reli, niko hapa hapa Dodoma. Nisomeni kidogo.

Mnakumbuka ajali ya treni ya Igandu, mwaka 2001? Treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima, ikashindwa, ikarudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko hadi ikagonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 1,200 walikuwemo. Mji huu ulijaa maiti, waliokuwepo hawasimulii wakamaliza. Kila mtu siku ile alisema neno moja, breki. Dereva alifanya nini na breki. Sisi wa reli tulikuwa tunaulizana mengine: nani aliikagua kabla haijaondoka, nani alikuwa na mamlaka ya kusema hii isiende, na kwa nini njiani nyuma yake kulikuwa na treni nyingine. Ukimshika dereva peke yake, maswali hayo yote unayafungia kabatini.

#20 Bint Kondoa
Shikamoo mzee. Marekebisho madogo kwa heshima: ilikuwa Juni 24, 2002, siyo 2001. Waliofariki ni 281. Nakumbuka kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa muuguzi, hakurudi nyumbani siku zile.

#21 Mzee wa Reli
Marahaba binti. Ni 2002, umenisahihisha sawasawa. Mama yako mdogo alifanya kazi kubwa.

#22 Zabibu za Hombolo
Mmenigusa na mimi niseme ya kwetu kwenye mvinyo, maana nayo inaua na watu hawaijui.

Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi hivi, na tena Agosti hadi Septemba. Juisi ikiwa inachachuka kwenye tangi inatoa hewa ya kaboni dayoksidi. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini ya tangi na kwenye sakafu ya chumba kisicho na madirisha ya chini. Haina rangi, huioni. Tangi likishatolewa mvinyo, mtu anatumwa aingie asugue maganda na mashapo yaliyobaki. Anashuka ngazi, anainama, anaanguka. Mwenzake juu anaona jamaa kalala, anadhani kateleza, anashuka kumtoa. Wa pili naye.

Kiwanda kimoja nilichokifahamu ilitokea hivyo, Mungu akasaidia wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, akakataa vijana wasishuke, akaleta feni kubwa na kamba. Wakapona kwa shida. Uchunguzi ukaandika: wafanyakazi waliingia bila ruhusa. Ruhusa ya nani? Kila siku walikuwa wanaingia! Siku zote hizo tangi lilikuwa limepumzika na kupata hewa. Siku hiyo walitakiwa kuliwahi kwa sababu zabibu nyingine zilikuwa getini kwenye jua. Kilichobadilika ni muda, na muda haukuandikwa popote.

#23 Ngoja Waje
Aisee. Si wanashusha kibatari au mshumaa kwanza? Ukizima hawaingii.

#24 Zabibu za Hombolo
Wengi wanafanya hivyo, na ni hatari. Mwali unazima kwa kuchelewa. Mtu anaanza kulewa hewa, kichwa kinazunguka na moyo unaenda mbio, mwali bado unawaka. Kinachotakiwa ni kipimo cha hewa, feni ya kupuliza hadi chini kabisa, na mtu wa juu mwenye kamba iliyofungwa kwa aliye chini. Na sheria moja ya kukaririshwa: wa juu hashuki.

#25 Kibaigwa Stendi
Hii hii ndiyo ya visima na makaro ya vyoo. Kwetu ndugu wawili walikwenda kwa mtindo huo. Asante kwa elimu.

#26 Msela wa Majengo
Zabibu, na huo mvinyo wa kupumzika unauzwaje lita? Niko serious... namaanisha niko makini.

#27 Zabibu za Hombolo
Njoo na chombo chako, habari za bei tutaongea pembeni. Tusiharibu uzi wa watu.

#28 Wakili wa Makole
Niingize la sheria maana naona hofu imejificha humu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni Namba 5 ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo inayoisimamia. Mahali pa kazi panatakiwa kusajiliwa na ajali kuripotiwa. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Kabla ya hapo mtu aliumia, akaanza kuvutana na mwajiri kuhusu fidia. Chini ya mfuko, mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Kinachoangaliwa ni je, umeumia au kuugua kutokana na kazi, na ukiwa kazini. Madai yafunguliwe ndani ya miezi 12.

Kwa hiyo Mkamuaji, neno "uzembe" kwenye ile karatasi lisiwatishe vijana wasidai haki yao. Nimekutana na watu waliokaa nyumbani na mkono mbovu kwa sababu ripoti iliwaita wazembe, wakadhani mlango umefungwa. Na waajiri nao wanaliandika kwa hofu kwamba wakikubali kava halikuwepo watashitakiwa. Uchunguzi wa kutafuta chanzo na uchunguzi wa kutafuta mshitakiwa vikifanywa na kamati moja, meza moja, mtu hasemi kweli. Huo ndio mtazamo wangu wa kwa nini ajali zinarudi. Watu wanasema uongo kwa kujilinda.

#29 Mkamuaji wa Kizota
Wakili ubarikiwe. Yule wa kwanza alishakata tamaa kabisa. Nampelekea ujumbe huu leo.

#30 Injinia Mtumba
Wakili, sikubaliani moja kwa moja. Ukiondoa kabisa kuwajibishana, kesho hata anayelewa kazini atasema "mfumo". Kuna fomani aliyefungua kinga makusudi ili kazi iende, huyo naye tumwite shahidi?

#31 Wakili wa Makole
Huyo ashughulikiwe na ngazi nyingine. Sikusema asiulizwe, nimesema asiulizwe na watu wale wale.

#32 Fundi Nondo
Haya, nimesoma yote, nilete ya kwangu mniambie chanzo ni nini.

Saiti moja huku, ghorofa ya tatu, mwezi wa nane. Mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa nane. Jukwaa letu ni la mirunda, limefungwa kwa misumari na waya. Vijana wawili wanapandisha marinibodi kwa mkono, ubao mpana, mmoja mbele mmoja nyuma. Upepo ukaukamata ubao, ukawasukuma wote. Mmoja alishika mrunda, mwingine alikwenda chini na ubao wake. Alivunjika nyonga. Wote walipewa mikanda asubuhi, mimi mwenyewe nikiona. Hawakuivaa. Mniambie sasa, chanzo si kutovaa mkanda?

#33 Dada wa Usalama
Fundi, mkanda ungefungwa wapi?

#34 Fundi Nondo
Kwenye mirunda.

#35 Dada wa Usalama
Mrunda uliopigiliwa misumari ungemshika mtu anayeanguka na ubao? Na mkanda ulikuwa na kamba ya urefu gani, angeweza kutembea na ubao ule toka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho bila kufungua na kufunga njiani?

#36 Fundi Nondo
Kutembea asingeweza. Ingebidi afungue kila baada ya hatua chache, na mikono yote ina ubao.

#37 Jicho la Pili
Basi alipewa kifaa ambacho kazi yenyewe inamkataza kukitumia. Ndiyo maana wakaguzi wanaweka vifaa kinga mwisho kwenye ngazi ya hatua. Kwanza ondoa hatari: ubao upandishwe kwa winchi, au ukatwe chini. Ikishindikana badilisha njia. Kisha weka vizuizi, reli za pembeni. Kisha utaratibu: upepo ukifikia kiasi fulani, mbao hazipandishwi. Mkanda na kofia ndiyo vya mwisho kabisa, kwa hatari iliyobaki baada ya vyote hivyo. Ripoti nyingi zinaanzia mwisho na kuishia hapo hapo.

#38 Fundi Nondo
Winchi ilikuwepo, ilikuwa imeharibika, tulikuwa tunasubiri kifaa kutoka Dar. Lakini nasimama pale pale, mbona yule mwingine alishika mrunda akapona? Umakini upo na unaokoa. Hamtanitoa hapo.

#39 Bint Kondoa
Fundi huyo aliyepona alikuwa upande gani wa ubao, wa upepo au wa pili?

#40 Fundi Nondo
Binti nawe una maswali kama polisi. Alikuwa upande wa ukutani.

#41 Mnyaturu
Hahaha Fundi, umeshafanyiwa uchunguzi kamili bila malipo.

#42 Afya ya Msingi
Nina la kuongeza ambalo sijaliona. Shirika la Kazi Duniani linakadiria karibu watu milioni 3 wanakufa kila mwaka kutokana na kazi, na wengi wao, zaidi ya milioni 2.5, ni magonjwa, siyo ajali. Humu wote tunazungumza vidole na ubao kwa sababu damu inaonekana. Wakata mawe na wasaga kokoto huku kwetu, mafundi wa chokaa, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanavuta vumbi miaka na miaka. Akianza kukohoa anaambiwa kifua kikuu, anapewa dozi, harudi kupimwa vumbi. Hakuna kamati inayokaa kwa ajili ya kikohozi. Mimi naona tunachunguza kile kinachopiga kelele.

#43 Kibaigwa Stendi
Kweli tupu. Ila huo ni uzi wake kabisa, ufungue tuje.

#44 Dada wa Usalama
Mkamuaji umeniuliza pembeni ufanye nini kwa vitendo, najibu hapa wote wafaidike.

Ajali ikitokea, aliyeumia kwanza, halafu zuia eneo. Msifagie, msioshe, msirudishe mashine kazini hadi mpige picha: swichi ilivyokuwa, mdomo ulivyokuwa, mbegu zilivyokuwa, taa, magunia yaliyoziba njia. Eneo likishaoshwa kinachobaki ni hadithi. Zungumza na kila mtu peke yake, mapema, na usianze na "kwa nini ulifanya vile". Anza na "nionyeshe unavyofanya kazi hii siku ya kawaida". Hapo ndipo utaona kwamba wote wanatia mkono, akiwemo mwandishi wa ripoti akiwa na haraka. Zungumza na zamu ya usiku hata kama ajali ilitokea mchana. Muulize fundi mitambo alishalalamika nini, na lalamiko lilienda wapi. Kila hatua mnayokubaliana iwe na jina la mtu na tarehe, na pesa imetengwa. "Wakumbushwe" haina jina wala tarehe wala shilingi, ndiyo maana inapendwa.

Na msingoje damu. Daftari moja pale mlangoni, kila aliyeponea anaandika. Asiyeandika asiadhibiwe, na anayeandika asichekwe.

#45 Mkamuaji wa Kizota
Asante dada. Nimeongea na bosi leo kwa utulivu. Amekubali kuhamisha swichi, na magunia ya mashudu yameshatolewa njiani. Kuhusu mdomo wa mashine anasema tungoje msimu ujao. Kuhusu mbegu mbichi hataki kusikia. Malipo ndiyo kabisa sikuthubutu kuyataja.

#46 Mnyaturu
Mdomo usingoje msimu. Mimi nilichomelea koni ya bati nene juu ya mdomo, kina chake kinazidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na ndani nikaweka wavu wa nondo nyembamba. Mkono haufiki kwenye skrubu hata ukitaka. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaimaliza kwa siku moja. Na mbegu zipite kwenye chekecheke kwanza, mawe na mabua yakipungua, kukwama kunapungua sana.

#47 Fundi Nondo
Mnyaturu, mbegu mbichi zitajaa juu ya huo wavu. Wiki ya pili watautoa.

#48 Mnyaturu
Ulitolewa kweli mwanzoni. Nikaufunga kwa bolti.

#49 Kibaigwa Stendi
Na spana anayo nani?

#50 Mnyaturu
Fundi wa zamu.

#51 Mkamuaji wa Kizota
Kwetu zamu ya usiku haina fundi.